Nani Kaihamisha Menyu? Historia Fupi ya Kitufe cha Start na Sisi Tunaokariri

Historia ya kompyuta husimuliwa kama historia ya mabilionea. Bill Gates aliacha chuo, Steve Jobs aliondolewa kwenye kampuni yake kisha akarudi, na kadhalika. Leo, ndugu msomaji, naomba tukae upande mwingine wa meza, upande wa yule anayebonyeza. Tena nimechagua kitu kidogo kabisa: menyu. Ile orodha inayofunguka ukibonyeza "Start" au "File".

Kwa nini menyu? Kwa sababu mtumiaji wa kawaida haijui kompyuta yenyewe. Hajui kilichomo ndani ya lile sanduku na wala hana haja ya kujua. Anachokijua ni njia: bonyeza hapa, shuka chini, kuna kineno cha nne, bonyeza tena. Kwake kompyuta ndiyo hiyo njia. Sasa mtu wa mbali akiamka asubuhi moja akaihamisha njia, huyu wa huku anabaki mgeni nyumbani kwake. Na imetokea si mara moja.

Tuanze mbali kidogo. Kompyuta ya kwanza nchini iliingia mwaka 1965, Wizara ya Fedha, mashine aina ya ICT 1500. Haikuwa na menyu wala dirisha. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya kuona hasara na vurugu kwenye hesabu zake. Milango ilikuja kufunguka kweli miaka ya mwanzo ya 1990. Wengi wanaikumbuka marufuku ile kama kichekesho, lakini ina maana kubwa kwa mada yetu. Wenzetu waliopitia kompyuta za miaka ya 1970 na 1980 walizoea kuandika amri kwa mkono kwenye kioo cheusi. Apple walitoa Lisa mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984, zikiwa na menyu zinazoshuka kutoka juu ya kioo, na Microsoft wakatoa Windows ya kwanza mwaka 1985. Sisi karibu yote hayo yalitupita. Mtanzania wa kawaida alipokuja kuigusa kompyuta kwa mara ya kwanza, menyu ilikuwa tayari inamsubiri. Hakuwa na maarifa mengine ya kuegemea. Ndiyo maana nasema menyu ikihamishwa, sisi tunaumia kuliko waliotangulia.

Kabla ya hapo ofisi zetu zilikuwa na mashine ya taipu. Hapa naomba mtaje kwa heshima Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho leo ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Mhazili aliyefundishwa kuchapa kwa vidole kumi bila kutazama herufi alikuwa na utaalamu wa maisha. Herufi zilikaa mahali pale pale kwenye kila mashine. Angeweza kuhamishwa kutoka Tabora kwenda Mwanza, kutoka wizara hii kwenda ile, akavuta kiti na kuanza kazi. Utaalamu wake haukuwa na tarehe ya kuisha. Kompyuta ndiyo ilileta jambo jipya katika historia ya kazi za ofisini: ujuzi unaooza kama dagaa wasiokaushwa, bila mwenyewe kufanya kosa lolote.

Tarehe 24 Agosti 1995 Windows 95 ikaanza kuuzwa. Humo ndimo kitufe cha "Start" kilizaliwa. Watu hudhani kilibuniwa kwa ajili ya urembo tu. La hasha. Microsoft walikuwa wamewaketisha watu wa kawaida mbele ya mashine na kuwatazama wakihangaika. Waligundua kwamba mtu mgeni hajui aanzie wapi ili apate programu anayoitaka. Waligundua kubonyeza mara mbili haraka haraka ni mtihani kwa wengi. Waligundua pia kwamba dirisha moja likilifunika jingine, mtu anaamini lile la chini limepotea, anafungua programu ileile upya. Ndipo ukaja ule mstari wa chini unaoonyesha madirisha yote yaliyo wazi, na pembeni yake kitufe kimoja. Kwenye matoleo ya majaribio kitufe hicho kiliandikwa "System". Wakaona watu hawakigusi. Wakaandika "Start", watu wakakibonyeza. Neno moja tu!

Kichekesho chake kila mtu anakijua: kuizima kompyuta ilibidi ubonyeze "Start". Kwa Kiswahili ni kama kumwambia mtu, "Ukitaka kumaliza, anza." Lakini watu walizoea. Na hapo ndipo penye siri ya mada yote hii. Menyu si lazima iwe na mantiki. Ikikaa mahali pamoja muda wa kutosha, mkono unaizoea na akili inaacha kuuliza.

Basi kompyuta zikaingia ofisini, vikafuata vyuo vya kompyuta vya mitaani na migahawa ya intaneti. Mafunzo yalikuwaje? Yalikuwa ya kukariri. Mwalimu anasema "File, Save As", darasa zima linaandika kwenye daftari "File, Save As". Siwalaumu walimu. Kompyuta tatu, wanafunzi thelathini, muda wa kucheza na mashine hadi uielewe unatoka wapi? Unaandika njia kwenye daftari, unaikariri nyumbani, ukipata zamu yako unaifuata. Mtu aliyejifunza hivyo hajifunzi maana ya kuhifadhi kazi. Anajifunza kwamba kipo kineno fulani, cha ngapi kutoka juu.

Tena neno lenyewe ni la lugha ya kigeni. Kwa Mwingereza, "File" ni neno alilokuwa nalo tangu ofisini kwa baba yake. Likihamishwa atalitafuta kwa maana yake, atakisia liko wapi. Kwa aliyekariri, neno lile ni alama tu, kama kibao cha njia panda. Aking'olewa kibao, kwake barabara imekufa.

Dalili ya kwanza ya tatizo ilikuja na Office 2000. Humo waliweka menyu inayojificha yenyewe: amri usizozitumia mara kwa mara zinafichwa, hadi ubonyeze kimshale cha chini. Wazo si baya kama kompyuta ni ya mtu mmoja mezani kwake. Lakini hebu ifikirie kwenye mgahawa wa intaneti, ambako watu arobaini kwa siku wanaitumia kompyuta moja kwa jina moja. Menyu inajipanga kwa kufuata mazoea ya nani? Ya aliyekutangulia! Wewe unakuja na daftari lako, unahesabu cha nne kutoka juu, cha nne si kile.

Windows XP ikatoka Oktoba 2001, na menyu ya Start yenye safu mbili. Wengine walinung'unika, ila Microsoft waliacha mlango wazi: ukitaka sura ya zamani, ulichagua "Classic" na maisha yakaendelea. Naamini hiyo ni sababu mojawapo ya XP kupendwa kiasi kile. Ilidumu. Microsoft waliihudumia hadi tarehe 8 Aprili 2014, zaidi ya miaka kumi na miwili. Kwa kompyuta huo ni umri wa babu. Kizazi kizima cha wachapaji, makarani na waandishi wa habari kililelewa na ule mlima wa kijani na anga la bluu.

Kisha ikaja tarehe 30 Januari 2007. Siku hiyo moja Microsoft waliwatolea wateja wa kawaida Windows Vista na Office 2007 kwa pamoja. Vista iliondoa neno "Start" na kuweka duara lenye nembo. Ile alama ya kuzima kwenye menyu haikuzima, iliilaza tu mashine. Lakini pigo kubwa lilikuwa kwenye Office. Ule mstari wa File, Edit, View, Insert, Format, ambao ndio ulikuwa mtaala mzima wa vyuo vya mitaani, ulifutwa kwenye Word na Excel. Mahali pake ukaja utepe mpana wenye vichupo na picha ndogondogo. Hata "File" ilipotea, ikawa kitufe cha duara kisicho na maandishi. Wengi walidhani ni pambo.

Tuwatendee haki waliobuni. Walikuwa na sababu. Word ilikuwa imejaa amri nyingi mno kwenye menyu za zamani, hata wateja wakawa wanaomba viongezwe vitu ambavyo tayari vilikuwemo, ila havionekani. Kwa mgeni kabisa, utepe ni rahisi kuliko menyu ndefu. Aliyeanza na Office 2007 hana malalamiko. Walioumia ni waliokwisha kujua. Hilo ndilo fumbo la mabadiliko haya: yanamsaidia asiyejua kwa gharama ya anayejua. Miaka mitatu baadaye, kwenye Office 2010, neno "File" lilirudishwa. Ukiona fundi anarudisha msumari alioung'oa, ujue kelele zilimfikia.

Pamoja na utepe ukaja mkia mpya wa faili, docx. Kazi iliyochapwa kwenye Office 2007 haikufunguka kwenye Office 2003 bila kuongezewa kiraka kutoka kwenye mtandao. Fikiria mwanafunzi aliyechapa barua ya maombi ya kazi mjini, akaja na flashi kuiprinti huku Pasiansi ambako mashine ni ya zamani. Faili lipo, halifunguki. Unamwambiaje kwamba tatizo ni toleo?

Sasa njoo kwenye kisa kinachonigusa zaidi, cha Kiswahili chetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Idara ya Sayansi ya Kompyuta, kilishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden katika mradi ulioitwa Kilinux. Disemba mwaka huohuo wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure yenye menyu za Kiswahili. Mwaka huohuo wa 2004 Microsoft nao walitangaza mpango wa Kiswahili, na pakiti ya lugha ikatoka kwa ajili ya Windows XP na Office 2003. Mtu angeweza kukaa mbele ya kioo akasoma maneno ya lugha aliyonyonya kwa mama yake.

Mbona basi hatukuyakuta maofisini? Sababu ni nyingi, ila moja inatokana na yote niliyosema juu. Kwa aliyekariri "Save As", kuona neno la Kiswahili mahali pale ni menyu kubadilika tena. Kiswahili kilichelewa. Kilifika wakati watu wamekwisha kujaza madaftari yao, vyeti vimekwisha kutolewa, na mwajiri anauliza kama unajua "Word" na "Excel", si kama unajua kuhariri na kuhifadhi. Halafu, kabla maneno mapya hayajazoeleka kinywani, ndipo utepe wa 2007 ukaufagia ule mstari wa menyu uliotafsiriwa. Kazi ya watafsiri wa Office ikabidi ipangwe upya. Kinyume chake OpenOffice ilibaki na menyu zake za zamani, na mtoto wake LibreOffice, aliyezaliwa mwaka 2010, mpaka leo ukimfungua unakutana na mstari uleule juu. Anayesema programu ya bure haina thamani hajahesabu gharama ya kujifunza upya.

Ingawa hata upande wa programu huria si malaika. Wakati Ubuntu ilipokuwa ikituma CD za bure kwa posta hadi Afrika, wapo walioizoea ile sura yake yenye menyu tatu juu kushoto: Applications, Places, System. Aprili 2011 Ubuntu 11.04 ikaja na sura mpya iitwayo Unity, menyu zile hazipo. Mwezi uleule GNOME nao walitoa toleo la 3 lililofumua kila kitu. Wengi walihamia Linux Mint. Mwaka 2017 Ubuntu yenyewe ikaiacha Unity. Tofauti ni kwamba huku wasioridhika walichukua msimbo wa GNOME ya zamani na kuuendeleza wenyewe kwa jina la MATE. Kwa Microsoft huna haki hiyo. Windows 7 ilipofuta ile menyu ya "Classic" mwaka 2009, ilifutika.

Kilele cha yote ni Windows 8, tarehe 26 Oktoba 2012. Kitufe cha Start kiliondolewa kabisa, menyu ikawa kioo kizima cha vigae vya rangi, kwa kuwa walilenga vifaa vya kugusa kwa kidole. Lakini kompyuta ya ofisini huku kwetu haiguswi, ina kipanya. Kuizima ilibidi upeleke kipanya kwenye kona ya kioo, usubiri kitu kitokeze, uingie Settings, ndipo ukute Power. Mwaka mmoja baadaye Windows 8.1 ikarudisha kitufe, ila bila menyu, na menyu yenyewe ikarudi Julai 2015 na Windows 10. Miaka mitatu ya dunia nzima kuhangaika, kisha tukarudishwa karibu na pale tulipokuwa!

Hapa pana jambo ambalo sijaona likiandikwa sana. Wanapojadili mabadiliko haya huko Marekani na Ulaya, wanafikiria mtu anayetoka toleo moja kwenda jingine, miaka mitatu huku, miaka mitano kule. Sisi hatuishi hivyo. Kompyuta nyingi zinatufikia zikiwa zimetumika, kila moja na toleo iliyokuja nalo. Kijana wa huku aliweza kufundishwa kwenye XP shuleni, akachapishia kazi kwenye Windows 7 pale Kirumba, akaenda kufanya usaili wa kazi kwenye Windows 10 mjini. Mambo ambayo wenzetu waliyapitia kwa miaka kumi na tano, yeye kayapitia kwa siku moja, ndani ya daladala mbili. Kisha anaitwa mzito wa kuelewa! Nimewahi kumsikia bosi mmoja akisema binti fulani "hajui kompyuta" kwa sababu alichelewa kupata mahali pa kuprinti. Binti yule alichapa kwa kasi ambayo bosi haifikii. Alichokosa ni kibao cha njia.

Hili si la kale tu. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021. Kitufe cha Start kikahamishiwa katikati, na menyu ya kubonyeza kulia ikafupishwa, nyingine zikafichwa nyuma ya mstari mmoja wa ziada. Kurudisha kitufe kushoto unaweza, ila lazima ujue pa kwenda. Tena inadai mashine mpya kiasi, zenye kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake kompyuta nyingi zilizotumika haziruhusiwi rasmi kuhamia huko mbele, na huku nyuma zilipo ulinzi unaisha. Wenye vibanda vya kuchapa kando ya barabara hii ya kwenda uwanja wa ndege wanapaswa kuchagua: kununua mashine, kubaki gizani, au kujifunza Linux, yaani menyu nyingine tena.

Je, wapo waliosalimika katika safari yote hii? Wapo. Ni wale waliojifunza vitufe. Ctrl na C kunakili, Ctrl na V kubandika, Ctrl na P kuprinti. Herufi za kunakili na kubandika zimetoka kwenye zile Lisa na Macintosh za mwanzo, na hazijahama hadi leo. Hata Office 2007 ilipofuta menyu, iliendelea kuzitambua njia nyingi za zamani za kitufe cha Alt, kimyakimya. Mhazili wa Tabora aliyeingia kwenye kompyuta kwa vidole vyake, bila kutegemea kipanya, alivuka mawimbi yote haya akiwa amekaa wima. Kumbe ule ujuzi wa taipu haukufa, tuliuacha sisi.

Linganisheni pia na simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008. Bibi wa Ilemela anapiga *150*00#, anaisoma menyu kwa Kiswahili, anatuma pesa Sengerema. Hakwenda chuo. Menyu yake ni fupi, ina namba, na imesema naye kwa lugha yake tangu mapema. Simu imetujibu swali ambalo kompyuta ilishindwa: mtu wetu hana uzito wowote wa kuelewa.

Hitimisho langu ni fupi. Walimu wa kompyuta, fundisheni kitu kabla ya njia. Mwanafunzi ajue kuhifadhi ni nini, kunakili ni nini, kwa Kiswahili, kisha aonyeshwe matoleo mawili tofauti siku hiyohiyo ili ajue kwamba sura hubadilika na kazi haibadiliki. Wakuu wa ofisi, mnapobadilisha programu tengeni pia siku za watu kujifunza, msiwahesabie uzembe. Na wewe uliyewahi kuonekana mshamba mbele ya kioo kwa sababu kitu hakipo pale ulipokiacha, usijidharau. Hukusahau wewe. Walihamisha wao.

Tuonane wiki ijayo.